Vilima vya Kokoto vya Lupa

Msituni kati ya Makongolosi na Matundasi, wilayani Chunya, kuna vilima vidogo vya kokoto ambavyo mgeni hudhani ni vya asili. Vimeota nyasi, vingine vimeota miti yenye unene wa paja la mtu mzima, mchwa wamejenga juu yake, na ng'ombe wa Wasukuma hupita kando yake wakienda kunywa. Chota mkono mmoja tu utaona kwamba mawe yake yanalingana. Udongo laini haumo, changarawe ndogo haimo, yapo yale tu yaliyoshindwa kupita kwenye matundu ya chekeche. Mto haupangi mawe namna hiyo, tena juu ya mwinuko. Kila kilima kilimwagwa na watu, karai kwa karai, katika miaka ya 1920 na 1930, na watu hao walikuwa babu zetu.

Mimi napiga ditekta, mashine ya kutafutia metali ardhini. Ndiyo kazi inayonilisha na familia yangu tangu kifua kiliponilazimisha niache kushuka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji. Kiangazi, nyasi zikishaungua, utanikuta huko nimevaa visikilizio, mkono wa kulia ukipeleka sahani ya mashine huku na huku, taratibu, ikikaribia kabisa kugusa ardhi. Nyuma ya sururu yangu nimefunga sumaku ya kunasia misumari. Natafuta dhahabu kama wenzangu. Lakini kadiri miaka inavyokwenda nimekuwa na sababu ya pili ya kurudi kwenye vilima hivyo, na nataka kuieleza sasa kwa kuwa vilima vinaisha.

Historia ya Lupa, kama nchi hii ya dhahabu inavyoitwa, imeandikwa kwa majina ya walioshika leseni. Waliochimba hawamo. Hawakuandika, hawakuandikwa, na makaburi yao mengi hayana alama. Kilichobaki kwao kimo ardhini, ndani ya kokoto hizi, na mashine hii iliyotengenezwa kwa ajili ya dhahabu ndiyo inayokitoa, kwa sababu haiwezi kutofautisha sawasawa kati ya donge la dhahabu na kifungo cha suruali ya kibarua. Vyote huita.

Dhahabu ilionekana katika bonde la mto Lupa mwaka 1922, Tanganyika ikiwa mikononi mwa Waingereza kwa miaka michache tu. Wajerumani kabla yao walikwisha kuchimba dhahabu Sekenke, huko Iramba, na mwaka 1916, katikati ya vita, waliifua kuwa sarafu za rupia 15 kwenye karakana ya reli ya Tabora, sarafu nzuri yenye tembo mbele ya mlima. Sekenke lakini ulikuwa mgodi wa mwamba, unaotaka mitambo ya kusaga na mtaji wa kampuni. Dhahabu ya Lupa ilikuwa ya juu. Mvua na jua vilikuwa vimeshaimenya kutoka kwenye mikanda ya mawe meupe ya kwatzi kwa muda ambao akili ya binadamu haiwezi kuubeba, ikawa imelala kwenye udongo mwekundu wa miteremko na kwenye mchanga wa vijito. Mwenye sururu, karai na vibarua aliweza kufika leo na kuanza kesho.

Wakaja. Mji wa Mbeya ulianzishwa mwaka 1927 kwa sababu ya mkumbo huo wa dhahabu, na kufikia 1932 ndege za Imperial Airways zilizokuwa zikienda Cape Town zilitua hapo. Halafu bei ikachochea moto. Septemba 1931 Uingereza iliitenga pauni na dhahabu, na 1934 Marekani ikapandisha bei ya wakia moja kutoka dola 20.67 hadi dola 35. Mdororo wa uchumi ulikuwa umeangusha bei za mkonge na kahawa, hivyo mlowezi aliyefilisika shambani alifunga virago na kuelekea Lupa. Kakamega nako, upande wa Kenya, dhahabu ilionekana mwaka 1931, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikabadili sheria ya ardhi za wenyeji ili wachimbaji waingie kwenye mashamba ya Waluhya bila ya wenye mashamba kupewa ardhi nyingine. Ahadi iliyoandikwa kwamba ardhi hiyo ni yao milele ilikuwa haijafikisha hata miaka mitatu.

Katika Wazungu wa Lupa, anayejulikana zaidi labda ni George Rushby, Mwingereza aliyewinda tembo, akachimba dhahabu Lupa, kisha akaajiriwa katika idara ya wanyamapori na kuwaua simba wala watu wa Njombe katika miaka ya 1940. T.V. Bulpin aliandika kitabu juu yake mwaka 1962, na yeye mwenyewe akatoa chake mwaka 1965. Simnyimi haki yake. Wale simba walikuwa balaa, na watu wa Njombe wana sababu ya kumkumbuka. Lakini mtu mmoja ana vitabu viwili, na maelfu waliobeba udongo wa Lupa hawana hata ukurasa wenye majina yao.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wa maelfu hao. Alitoka Rungwe kwa miguu akiwa kijana ambaye hajaoa, akapanda milima ya Mbeya, akashuka upande wa pili kwenye joto. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na kwao fedha ilikuwa haba kuliko ndizi. Wengine walitoka kwa Wasafwa, wengine Unyamwezi, wengine walivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na kambini wakakutana kwa Kiswahili. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30. Ukimaliza kazi uliyopangiwa siku hiyo unatiwa alama, usipoimaliza siku hiyo haipo. Alama zikitimia 30 ndipo unalipwa, hata kama imechukua wiki sita au zaidi. Posho ilikuwa unga.

Babu hakuwa na hadithi za dhahabu. Alikuwa na hadithi za vumbi. Lupa ni nchi kavu, na vijito vyake vingi hukauka mara tu mvua zinapokwisha, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka hapakuwa na maji ya kupitishia udongo kwenye mialo, ile mifereji ya kuoshea dhahabu. Wakatumia mashine za upepo. Picha yake ninayo kichwani kwa jinsi alivyoieleza, na baadaye nikaona kwamba maelezo yake yanakubaliana na mashine za namna hiyo popote zilipotumika. Juu kuna chekeche lililoinama. Chini yake kuna ubao wenye vizuizi vya kunasa dhahabu, na chini ya ubao mivukuto mikubwa kama ya mhunzi. Mmoja anamwaga udongo juu, mwingine anazungusha mkono wa mashine au kuusukuma mbele na nyuma, upepo unapuliza vumbi jepesi, na dhahabu kwa uzito wake inabaki kwenye vizuizi. Vumbi linakwenda kwa aliyesimama upande upepo unakokwenda. Walibadilishana nafasi hiyo, alisema, ila kwa wagonjwa, ambao hawakupewa kabisa. Na mawe makubwa yanabingirika juu ya chekeche, yanaangukia nje, yanachukuliwa kwa karai, yanamwagwa pembeni.

Hapo ndipo pana siri ya vilima vya kokoto. Chekeche limetengenezwa kwa kuamini kwamba dhahabu ni ndogo. Donge lenye ukubwa wa ncha ya kidole gumba, likiwa limevikwa udongo mwekundu au kutu ngumu ya chuma, halipiti kwenye tundu. Linabingirika na mawe mengine. Aliyesimama pale akiwa na macho mazuri angeliona, kama si vumbi, kama si jua, kama si alama ya kipande anayoikimbilia. Na hata akiliona, halikuwa lake, kwani sheria ilimkataza mtu asiye na leseni kukutwa na dhahabu ghafi. Kwa hiyo madonge yalitupwa pamoja na kokoto, na yamekaa humo hadi leo. Mchimbaji yeyote wa Chunya mwenye ditekta anajua kwamba kabla hujahangaika na ardhi mbichi, uanze na marudio ya wazee, yaani mabaki waliyoyatupa.

Ditekta yenyewe ina historia yake, na imenishangaza jinsi inavyokwenda sambamba na ya vilima. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na Alexander Graham Bell, yule wa simu, akaunda kifaa cha umeme cha kuitafuta risasi mwilini bila kisu. Hakuipata, na kitanda chenye springi za chuma kilichangia kumharibia kazi. Garfield alikufa Septemba mwaka huo. Nusu karne baadaye Gerhard Fischer, Mjerumani aliyehamia Marekani na kufanya kazi ya vifaa vya redio, alitengeneza kifaa cha kutafuta metali ardhini na kupata hataza yake mwaka 1937. Mwaka huo mashine za upepo zilikuwa zinavuma Lupa. Kisha vita. Józef Kosacki, ofisa wa Kipolandi aliyekimbilia Uskoti, alibuni kifaa cha kutafutia mabomu ya ardhini ambacho mtu mmoja anaweza kukibeba, na mwaka 1942 vifaa 500 vya aina hiyo vilisaidia kusafisha njia El Alamein.

Vizazi vyote hivyo vya mashine visingefaa kitu Lupa. Udongo wetu ni mwekundu kwa sababu umejaa kutu ya chuma, na mashine ya zamani ukiishusha hapa inalia mfululizo, ardhi yote ikidai kuwa metali. Waliolitatua tatizo hili ni watu wenye udongo kama wetu. Huko Victoria, Australia, madonge yamelala karibu na uso wa nchi kuliko mahali pengi duniani. Februari 1869 John Deason na Richard Oates walikuta donge chini ya sentimita chache tu za udongo, karibu na mizizi ya mti, lenye dhahabu ya kilo zaidi ya 70, kubwa hata hakukuwa na mizani ya kulipima mpaka lilipokatwa vipande juu ya fuawe. Septemba 1980, katika jimbo hilo hilo, Kevin Hillier alipata kwa ditekta donge la kilo 27 likiwa kwenye kina cha kama sentimita 30, nalo likauzwa kwa zaidi ya dola milioni moja. Baada ya hapo Waaustralia hawakulala. Kampuni ya Minelab ilianzishwa Adelaide mwaka 1985, na mwaka 1995 mhandisi wake Bruce Candy akatoa mashine ya SD2000.

Nieleze kwa ufupi ilichobadilisha. Sahani ya mashine inapiga mapigo ya sumaku ardhini, mengi sana kwa sekunde, na kila pigo likikatika mashine inanyamaza na kusikiliza. Ndani ya metali iliyoguswa na pigo huzunguka umeme mdogo, na umeme huo haufi mara moja. Udongo wenye chuma nao hujibu, lakini jibu lake hufifia kwa mwendo unaojulikana. Mashine ikitumia mapigo ya urefu mbalimbali inaweza kulipiga hesabu jibu la udongo na kuliondoa. Kinachobaki masikioni ni mnong'ono wa kile kisichokuwa udongo. Katika Afrika mashine hizi zilisambaa kwanza kwa wingi Sudan, mwishoni mwa muongo wa 2000, watu wakaingia nazo jangwani kwa maelfu. Kwetu zilifika na wafanyabiashara na wageni, na leo kijana wa Makongolosi anaweza kukuambia kasoro za kila toleo kama fundi pikipiki anavyozungumzia injini. Bei yake ni kubwa, kwa hiyo wengi wetu hatuzimiliki. Tajiri ananunua, mpigaji anapiga, mwenye leseni ya kitalu anatoa ruhusa, na mali inagawanywa kwa makubaliano.

Sasa nikupeleke kwenye kilima kimoja, mashariki ya barabara, ambako kiangazi fulani tulikuwa tumeshapata punje kadhaa. Sauti ilikuja laini, yenye mwanzo na mwisho, haikatikikatiki kama ya msumari. Nilikwangua juu kwa mguu, ikabaki pale pale. Nikageuza kokoto kwa sururu kwa kina cha kiganja, sumaku haikunasa kitu, na sauti ikanenepa. Nikachimba tena. Nilipopitisha sahani juu ya shimo palikuwa kimya, maana yake kitu kimeshatoka na kimo kwenye rundo pembeni. Hapo unachukua kikombe cha plastiki, unachota, unapitisha juu ya sahani. Ikilia, unamwaga nusu kwenye kiganja na kupitisha nusu iliyobaki. Unaendelea kugawa hivyo mpaka mkononi unabaki na mawe matatu manne na kimoja kati yake ndicho kinacholia. Nilikisugua kwa kidole gumba na mate. Kilikuwa bapa, cha mviringo, kama sentimita tatu upana wake, kijani kibichi kwa kutu, na katikati kina tundu.

Ilikuwa senti kumi ya Afrika Mashariki. Waliokua kabla ya uhuru wanaijua, ile ya shaba nyekundu iliyotobolewa ili itungwe kwenye uzi na kufungwa kiunoni, kwa kuwa watu wengi hawakuwa na mifuko. Upande mmoja pembe za tembo zimelizunguka tundu, na chini yake mwaka 1936. Upande wa pili jina la mfalme: Edward VIII. Nilikaa chini. Edward VIII alirithi ufalme Januari 1936 na kuuacha Desemba mwaka huo huo, akiwa hajatawazwa. Sarafu zenye jina lake ni za makoloni machache, na za kwetu zimo. Ilikuwa na herufi ndogo KN, alama ya kiwanda cha King's Norton, Birmingham.

Fikiria njia iliyopita. Shaba imefuliwa Birmingham, imevuka bahari hadi Dar es Salaam au Mombasa, imefika Lupa kwenye sanduku la mshahara, imewekwa kwenye kiganja cha mtu aliyetimiza alama 30. Uzi ukakatika. Karai la mawe likamwagwa juu yake, na jingine, na jingine. Kwa hiyo kilima kile hakikumaliza kumwagwa kabla ya 1936. Hakuna karatasi niliyowahi kuonyeshwa inayotaja kilima hicho, lakini sasa kina tarehe. Nami najua kwamba aliyekimwaga alilipwa kwa senti, na kwamba siku hiyo alirudi kambini akihesabu na kukuta inapungua moja. Hasara hiyo haikuwa ndogo kwake.

Tangu hapo situpi. Wapigaji wengi wakitoa takataka huzirusha porini kwa hasira ili zisiwasumbue tena, nami siwalaumu, maana siku nzima ya misumari inachosha roho. Mimi naziweka kwenye makopo na kuandika zimetoka wapi. Nina vifungo vya shaba, misumari ya soli za viatu vya Wazungu, maganda ya risasi, vifuniko vya makopo ya tumbaku, kichwa cha jembe kilicholika mpaka kikabaki kama mwezi mchanga, ncha za moko (patasi ya mchimbaji) zilizovunjika, kipande cha taa ya karabai. Kila kimoja kinasema kitu. Jembe lililolika hivyo halikulika kwa kuchimbia dhahabu peke yake. Mtu alilima mahali, pengine bustani ndogo ya maboga nyuma ya kibanda, kwa sababu posho ya unga haikutosha kumshibisha.

Na nina bangili. Ilitoka si kwenye kokoto bali hatua kadhaa kutoka hapo, chini ya mti, mahali penye udongo mweusi wa majivu ya zamani. Ni waya wa shaba uliosokotwa, mwembamba, mdogo kwa mkono wa mwanamume. Nilimpelekea bibi mmoja wa Makongolosi, aliyezaliwa kambini na ambaye sasa haoni vizuri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeleta nini?"

Nilimwekea mkononi. Aliigeuzageuza, akaipitisha kwenye shavu.

"Hii ya kwetu," akasema. "Mama yangu alikuwa nazo mkono mzima. Njaa ikija anavua moja, anakwenda kununua unga. Mimi nimemjua mkono uko mtupu."

Alinieleza mengine siku hiyo. Wanawake walifuata waume zao au walikuja wenyewe, walipika pombe na kuwauzia vibarua siku za malipo, walichota maji mbali sana wakati wa kiangazi na kuyauza kwa debe. Kulikuwa na kambi iliyojulikana kwa jina la mnyapara wake, si la Mzungu mwenye leseni, na alinionyesha kwa mkono upande iliko. Nilikwenda. Palikuwa na mawe matatu ya jiko, na mashine ikalia kila hatua.

Mambo yaliyofuata yalikwenda haraka. Vita vya 1939 vilichukua watu na vipuri, na wachimbaji wa Kijerumani wakawekwa kizuizini. Dhahabu ya juu ikazidi kuwa ngumu kupatikana, ikabaki ya mwamba, na mgodi mkubwa wa New Saza uliofunguliwa 1939 ulifungwa 1956. Wazungu waliondoka. Wakabaki watu wa hapa na karai zao, wakichimba kidogo kidogo kwa miongo, mpaka biashara ilipofunguliwa na wachimbaji wadogo wakarudi kwa nguvu. Leo leseni ndogo ya uchimbaji ni ya Mtanzania, hekta zisizozidi 10. Dhahabu inapimwa na kuuzwa kwenye soko la madini pale Chunya mjini, serikali ikichukua mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Babu yangu angeliona soko hilo, Mwafrika amesimama mbele ya mizani na dhahabu yake mwenyewe mkononi bila hofu ya askari, naamini angekaa kwenye benchi lile kutwa nzima.

Jambo linaloniumiza ni vilima. Bei ya dhahabu ilivyo sasa, hata chembe iliyoshikwa ndani ya jiwe ina faida. Malori yanakuja, shoveli inachota kilima chote, kokoto zinapelekwa kwenye karasha kusagwa, halafu kwenye matangi ya sianidi. Kilima kilichochukua vibarua msimu mzima kukimwaga kinaondoka kwa siku mbili, na pamoja nacho vifungo, senti na misumari. Sisemi malori yazuiwe. Watoto wa Chunya wanasomeshwa kwa kokoto hizo, wangu wamo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 nayo haitusaidii, kwa kuwa ulinzi wake wa moja kwa moja unaanzia kwa vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Vyetu ni vichanga mno kwake.

Ninachowaomba wenye vitalu ni muda mfupi. Kabla lori halijapakia, mpigaji mmoja apite juu ya kilima na pembezoni mwake, palipokuwa na kambi, achimbe kila kinacholia, cha chuma na kisicho cha chuma. Simu ya mkononi inatosha kuandika mahali na kupiga picha. Dhahabu ikipatikana ni ya mwenye kitalu kwa makubaliano yale yale, na wengine walionikatalia mwanzo walibadili mawazo walipoona kwamba kazi hiyo haiwapotezei kitu, tena mara nyingine inawapa donge ambalo lingepotea kwenye karasha. Takataka niachiwe mimi.

Kilima cha senti kumi kimeshakwenda. Nilikuwa nimekipima kwa hatua na kukichora kwenye daftari, pamoja na ule mti na mahali pa majivu. Mwenye kitalu cha jirani ana vitatu vingine, vikubwa zaidi, na kimoja kina mninga uliokomaa juu yake, kwa hiyo huenda ni cha zamani kuliko vyote nilivyowahi kupiga. Amenikubalia. Tutaanza mvua zikikata, nyasi zikishaungua, na bibi ameniomba nimpelekee kila kitu chenye umbo la bangili.